Leodgar Yuko Njiani

Mwanangu Leodgar alivunjika mguu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye ghala la Raymundi karibu na stesheni. Nataja siku na saa kwa sababu baadaye walitokea watu wa kuniambia haikuwa Jumanne, haikuwa saa nne, na haikuwa ghalani.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mimi nilikuwa uani kwangu Mtendeni, nimetandaza mkeka naanika michembe ya viazi vitamu, kipande kimoja kimoja, maana michembe ikilaliana inaota ukungu. Nikasikia mlango wa bati unasukumwa kwa bega. Wakaingia wanaume wanne wamebeba turubai la lori, kila mmoja ameshika pembe yake, na ndani ya turubai yumo mwanangu. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama juu kama mtu anayehesabu mabati.

Aliyetangulia alikuwa Jilala. Huyu ni Msukuma, mfupi, shingo nene, na ndiye manju wa makuli wa ghala lile, yaani kiongozi wao wa nyimbo na wa kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ameanguka wapi?"

"Kwenye ubao wa kupandia. Umekatika katikati. Yeye kaenda chini, na gunia la mpunga likamfuata."

Mguu wa kulia ulikuwa umenyooshwa kwa vipande viwili vya mbao na kufungwa kwa kamba ya katani. Mbao zile zilikuwa na rangi ya bluu upande mmoja. Jilala aliona naziangalia.

"Ni ubao wenyewe huo, mama. Tulitafuta kitu cha kumfungia, tukakuta kilichomvunja kipo karibu."

Lazima nieleze kazi yao ilivyo, maana bila hivyo mambo yaliyofuata hayataeleweka. Lori likifika na mpunga, makuli husimama kwenye mstari, na kila mtu ana nafasi yake. Manju husimama chini ya lori na kuwaita kwa majina, mmoja mmoja. Anayeitwa huitikia, anainamisha mgongo, anapokea gunia, anapanda ubao hadi juu ya lundo. Kila jina lina kibwagizo chake. Mwanangu alikuwa wa nne. Babu yake alikuwa kuli pale pale stesheni, na baba wa babu alikuwa mpagazi wa njia ya zamani, aliyebeba mzigo begani kutoka hapa hadi Bagamoyo na kurudi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema utaratibu wa kuitana majina ulitoka huko. Mpagazi akiugua njiani akaachwa kambini, wenzake waliendelea kumwita kila asubuhi kwa zamu yake, na aliye nyuma yake alimjibia: "Yuko njiani." Nafasi yake haikupewa mtu. Mwenye msafara hakuwa na uwezo wa kulifuta jina. Anayelifuta ni mwenyewe, akija kwa miguu yake na kusema "Nimetua." Au ni kaburi.

Mpaka leo makuli wa Tabora wanafanya hivyo. Ukipita stesheni mchana unaweza kudhani wanaimba tu.

Sasa kosa langu. Nitalisema kama lilivyo. Sikumpeleka hospitali. Nilimpeleka mtaa wa Ng'ambo kwa Mzee Yahaya, mtengeneza mifupa. Alimnyoosha marehemu mume wangu mkono, akamnyoosha na dada yangu nyonga, na wacheza mpira wa mji huu nusu yao wamepita kwenye jamvi lake. Hakuna mtu wa kwetu anayevunjika akaanzia hospitali. Tunaanzia Ng'ambo. Mzee Yahaya alikanda kwa mafuta ya uvuguvugu, akapanga vijiti vyake vya mianzi, akafunga. Zile mbao za bluu alizitoa akanipa, nikazitia chini ya kitanda. Siku ya tisa aliushika mguu, akaunusa, akaurudisha jamvini.

"Mama Leo," akasema, "huu mimi nimeufikisha mwisho wa ujuzi wangu. Mpeleke kwa wenye mashine."

Tukaenda Alhamisi. Wakampiga picha, wakamfanyia upasuaji, wakamtia vyuma. Kwenye kadi yake waliandika tarehe aliyofika, kwa kuwa ndiyo waliyoiona. Hakuna aliyekosea hapo isipokuwa mimi.

Jioni ya Jumapili iliyofuata alikuja Raymundi. Tunasali naye kanisa moja, jumuiya moja, na kiti chake ni cha mbele. Alikuja na kuku jike mweupe, kilo mbili za sukari na sabuni ya mche. Akampa Leodgar mkono, akasali sala ndefu. Akaniambia, "Mama Leo, haya ni mapenzi ya Mungu. Sisi ni ndugu wa jumuiya, mambo yetu tunayamaliza wenyewe." Nikasema asante. Kuku nikampika. Alikuwa mtamu.

Nilikaa na Leodgar hospitalini muda mrefu, nikawa nasoma kila kilichobandikwa ukutani. Niliishia darasa la saba, lakini nikipewa muda nasoma kitu mpaka kinaishiwa maneno. Nilisoma habari za chanjo, habari za kunawa mikono, halafu nikasoma tangazo la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mtu akiumia kazini, mwajiri anatoa taarifa ndani ya siku saba. Madai yasipite mwaka. Nikalisoma mara tatu, nikalinakili nyuma ya bahasha ya dawa.

Mguu ulipofunguliwa mwezi wa kumi ulikuwa mfupi kwa vidole viwili, na kifundo hakikunjiki. Daktari alisema kubeba mizigo basi tena. Mwanangu ana miaka thelathini na sita, mke na watoto wawili, na kazi aliyoijua ni mgongo wake. Alianza kukaa barazani akibangua karanga za majirani. Kubangua karanga si aibu. Ila nilimwona anavyoficha gongo lake nyuma ya mlango akisikia lori linapita, na hapo nikatoa ile bahasha.

Nilimkuta Raymundi ofisini kwake ghalani. Nikasalimia, nikaambiwa nikae, nikaeleza kuwa kuna fomu ya kujazwa na mwajiri.

Akaweka simu chini. "Fomu ya nini, Mama Leo? Leodgar alianguka na baiskeli. Ndivyo nilivyosikia."

"Uliyasikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu hao wana majina?"

Akacheka kidogo. "Tusifike huko. Kwanza yule si mfanyakazi wangu. Ni kibarua. Anakuja akitaka, anaondoka akitaka."

"Miaka sita ametaka kila siku isipokuwa Jumapili."

"Karatasi ya ajira iko wapi?"

"Hukumpa."

"Basi." Akafungua mikono kama padri. "Na nasikia kadi ya hospitali inasema Alhamisi. Alhamisi hiyo hapa palifungwa, tulikuwa tunapulizia dawa ya wadudu. Hata panya hawakuwemo. Nani atamvunja mtu mguu kwenye ghala lililofungwa?"

Nikatoa kwenye mfuko wa plastiki kipande kimoja cha ule ubao wa bluu, nikakiweka mezani kwake. Akakitazama kama mtu aliyeletewa kuni.

"Ubao ni ubao, Mama Leo. Tabora nzima ina mbao. Na mimi pole nilileta, ukaipokea. Kuku si ulimla?"

"Nilimla. Kuku hana kosa. Pole ni pole, Raymundi. Mimi nimekuja kwa jambo lingine."

Nikarudisha ubao wangu mfukoni, nikaaga kwa heshima, nikatoka. Nilipofika kwenye mti wa kivuli nje ya stesheni nilikaa chini. Haikuwa hofu. Nilikuwa nimemeza maneno mengi kwa mkupuo.

Leodgar hakupenda. "Mama, acha. Wenzangu watafukuzwa kwa ajili yangu."

"Wamekuomba uache?"

"Hapana."

"Basi usiwasemee. Na mimi usinisemee."

Kijana mmoja wa duka la steshenari alisikia habari zangu, akaniita pembeni. Alisema kadi ya hospitali anaweza kunitengenezea nyingine, yenye Jumanne, na mhuri wake. Usiku ule niligeuka kitandani sana, siwezi kudanganya. Asubuhi nikampitia nikamwambia, "Mwanangu, Jumanne yangu ni ya kweli. Nikiivalisha karatasi ya uongo, itakuwa ya uongo nayo." Badala yake nikaenda Ng'ambo.

Mzee Yahaya alikuwa anakunywa kahawa barazani. Nikamweleza nataka maneno yake kwamba nilimleta mgonjwa Jumanne, na kwamba yeye alimtibu siku tisa.

Alizungusha kikombe. "Watanifunga, Mama Leo? Mimi cheti sina. Cheti changu ni watu wanaotembea."

"Wakikufunga nitakuletea chakula."

"Chakula chako cha mlenda kila siku? Heri wanihukumu kunyongwa."

Lakini alikubali. Yeye akasema, mimi nikaandika kwenye karatasi ya daftari, polepole, na neno la kwamba mguu ulifika umefungwa kwa mbao za bluu alilitaka yeye mwenyewe. Akapaka kidole masizi ya birika, akakandamiza chini.

Afisa wa kazi anaitwa Advera. Ni mwanamke wa makamo, Mhaya, miwani yake inaning'inia kwa mnyororo. Aliniacha niongee mpaka mwisho bila kutazama saa. Nilimwambia yote, na kosa langu nikalitanguliza.

"Umefanya vizuri kutobadili tarehe," akasema. "Ingebadilishwa, hapa tungekuwa tunaagana. Lakini Mzee Yahaya hakuona ajali, mama. Alimwona mgonjwa. Mwenye ghala anakana. Ninahitaji walioona, na wako kazini kwake."

"Ukienda kuwauliza watasema hawajui."

"Itabidi niende hivyo hivyo."

"Nenda. Ila nakuomba uende Jumanne, saa nne, lori la mpunga likiwa linashushwa. Siyo kabla."

Akavaa miwani, akaniangalia vizuri. "Kwa nini?"

"Ukaone kazi ilivyo."

Jumamosi Jilala alipita kwangu. Alikunywa uji bakuli mbili bila kusema, na Msukuma akinyamaza kwenye chakula kuna jambo. Mwishowe akasema Raymundi amewakusanya. Amewaambia afisa anakuja, na atakayefungua mdomo kumwambia neno lolote asirudi kesho yake.

"Tumekatazwa kusema, mama. Na sisi wote tunalisha watu."

"Sijakuomba useme. Nina swali moja. Leodgar mnamwita bado?"

Akashangaa, karibu akasirike. "Kila lori. Ametua lini?"

"Basi Jumanne fanyeni kazi yenu kama kawaida. Usibadilishe kitu."

Jilala aliacha kijiko ndani ya bakuli. Alinitazama muda, kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko asichotaka kitoke nje.

"Nyinyi Wanyamwezi," akasema, "ndiyo maana safari zenu zilikuwa hazifiki upesi. Mlikuwa mnawaza sana njiani."

Jumanne hiyo ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Urambo, meusi chini. Mimi na Leodgar tulikwenda kwa bajaji. Alivaa suruali yake ya kanisani, gongo ameliweka magotini mpaka stesheni.

Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango wa ghala, turubai limefunguliwa, na dereva anatazama mbingu. Raymundi alikuwa ameshamwekea Advera kiti na soda. Mimi nilipewa kiti pia. Leodgar akasimama. Makuli kumi na mmoja walikuwa wamepanga mstari wanatazama miguu yao.

Advera akawauliza kama kuna anayemfahamu huyu bwana, na kama kuna aliyeona akiumia. Wakatazama miguu. Akauliza tena kwa upole. Mmoja akakohoa. Raymundi akafungua ile mikono yake ya padri.

"Umejionea, afisa. Sikupenda kumvunjia mama heshima, ni mtu wa jumuiya yangu. Uchungu wa mzazi unaweza kumfanya mtu aone vitu."

Dereva akapiga honi. "Bosi, mvua hiyo. Na mimi kesho nina mzigo Mwanza."

"Fanyeni kazi," Raymundi akawaambia makuli. "Sisi tunamalizia hapa."

Jilala akaenda chini ya lori. Akatema mate mkononi, akasugua, akaita wa kwanza. Wa kwanza akaitikia, akainama, akapokea gunia, akaanza kupanda. Ubao ulikuwa mpya, mweupe, bado unanukia msumeno. Akaita wa pili. Akaita wa tatu. Sauti ya Jilala ni nzito, haina haraka, na wengine huipokea kwa chini kama ngoma iliyofunikwa nguo.

Kisha akamwita mwanangu pamoja na jina langu mimi: "Leodgar wa Josepha."

Mstari mzima ukasimama. Wenye magunia wakasimama nayo mgongoni, kilo mia kila moja, mmoja yuko katikati ya ubao, goti limekunjwa. Hakuna aliyesogea. Wa tano, kijana wa Kikristo anaitwa Eliya, akajibu:

"Yuko njiani."

"Amechelewa wapi?"

Wakaitikia wote:

"Ubao wa bluu, ubao wa bluu,
ulilia jana ukalia juzi,
tukasema ubadilishwe, ukapakwa rangi.
Jumanne ya mwezi wa saba ukasema basi.
Mguu wake umebaki hapa,
yeye yuko njiani."

Halafu Jilala akamwita Eliya, Eliya akainama, na kazi ikaendelea kama maji.

Advera alikuwa na soda mkononi. Akaiweka chini kwenye sakafu, taratibu. "Hilo jina la nne," akasema, "naomba mlirudie."

"Ni nyimbo tu hizo," Raymundi akasema. "Makuli wanaimba upuuzi wowote, kesho wataimba habari zako."

"Wimbo huu unaimbwa tangu lini?" Advera akauliza.

Nikajibu mimi. "Tangu siku aliyoanguka. Kila lori. Ulizia stesheni nzima, ulizia mama wa chai pale. Jina la mtu halitoki kwenye mstari mpaka alitoe mwenyewe."

Raymundi akamgeukia Jilala, uso umeiva. "Si nilikwambia?"

"Ulituambia tusiseme na afisa, bosi," Jilala akasema. "Hatujasema naye. Tunafanya kazi."

Dereva wa lori akacheka, akajifanya anapiga chafya.

Advera hakucheka. Alinyanyuka, akakaribia mstari, na akasema jambo lililonikata maini. "Nimesikia. Lakini wimbo siwezi kuuingiza kwenye fomu. Fomu inataka mtu, jina lake, na sahihi yake. Bila hivyo nitaondoka na huyu bwana ataondoka, kila mmoja na njia yake."

Nilimwangalia Leodgar. Aliinua kichwa, na nilijua anachotaka kusema, atawaambia waache. Nikamshika mkono, nikaukaza.

Jilala alikuwa amekwisha kuchukua gunia lake mwenyewe, maana manju hubeba la mwisho katika kila mzunguko. Alitembea nalo hadi katikati ya mlango wa ghala, pale pale njiani, akalitua. Vumbi likaruka.

"Andika," akasema. "Jilala mwana wa Masanja. Nilikuwa chini ya lori, nikauona ubao ukikatika. Nilimbeba kwa turubai pembe ya mbele, kulia. Nitie sahihi wapi?"

Eliya akashuka kwenye ubao na gunia lake, akalitua juu ya lile. Kisha wa pili. Kisha wa kwanza. Waliokuwa ndani wakatoka, waliokuwa nje wakaja, kila mmoja akitua gunia mlangoni kabla ya kutaja jina, hata mlango ukawa ukuta. Baba mkwe wangu alikuwa akinisimulia kwamba wapagazi wakidhulumiwa hawakupigana. Walitua mizigo njiani wakakaa juu yake. Nilikuwa nikidhani anatia chumvi.

"Mmefukuzwa," Raymundi akasema. "Wote. Kuanzia sasa."

"Sawa, bosi," Jilala akamjibu, na akakaa juu ya gunia. "Mvua ile pale."

Upepo ulikuwa umeanza kubeba harufu ya udongo. Raymundi akatoa simu, akapiga kwa makuli wa soko la Ng'ambo. Aliongea kwa sauti, akaahidi, kisha akawa anasikiliza. Akakata.

"Wamesemaje?" dereva akauliza.

Raymundi akatia simu mfukoni. Lakini sote tulikuwa karibu, na simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Walikuwa wamemuuliza kama Leodgar ameshatua. Hakuna kuli wa mji huu atakayeingia kwenye mstari wenye nafasi ya mtu inayoitwa.

Advera akafungua jalada lake juu ya gunia la juu kabisa, akaweka kalamu. "Bwana Raymundi, anayelipa fidia ni Mfuko. Wewe ulitakiwa kutoa taarifa tu, ndani ya siku saba. Kwa nini hukutoa?"

Raymundi alitazama kalamu. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa kawaida, aliyechoka. "Sijawasajili," akasema. "Hata mmoja."

"Hilo tutaliongea mimi na wewe ofisini. Sasa hivi jaza hapa. Tarehe ya ajali."

Alishika kalamu, akasita, akanitazama. Nikamsaidia. "Jumanne," nikasema. "Saa nne."

Akaandika. Sahihi yake ni ndefu, ina mikia. Alipomaliza, Advera akanigeukia mbele ya wote akaniuliza habari ya siku tisa. Nikasimama, nikasema, "Nilimpeleka kwa Mzee Yahaya wa Ng'ambo, kwa akili zangu timamu. Mguu kuwa mfupi labda ni mimi. Mguu kuvunjika ni ubao." Nikatoa karatasi ya mzee yenye kidole cha masizi, nikatoa na mbao mbili za bluu. Safari hii hakuna aliyesema ubao ni ubao. Advera alizipiga picha kwa simu, zikiwa zimesimamishwa kwenye gunia.

Matone ya kwanza yakadondoka juu ya bati.

"Bosi," Jilala akasema akiwa bado amekaa. "Tumefukuzwa bado?"

Raymundi alitazama lori, akatazama mbingu, akatazama ukuta wa mpunga wake mwenyewe. "Shusheni mzigo," akasema.

"Na ubao ukilia tena?"

"Utabadilishwa."

"Afisa, hilo nalo umeandika?"

"Nimeandika," Advera akasema.

Walishusha lori lile kabla mvua haijashika. Sijawahi kuona watu wanafanya kazi vile. Na walipofika kwa wa nne walisimama kama kawaida, ingawa matone yalikuwa yanawapiga mgongoni, na Leodgar mwenyewe amesimama hatua tano kutoka kwao, amevua kofia.

Tulingoja. Leodgar aliitwa kupimwa mara mbili, akajaza hiki, akaleta kile. Kila mara nilikwenda naye, nikasoma kila kilichobandikwa ukutani. Raymundi kanisani alihama kiti cha mbele, akakaa pembeni kidogo, halafu akarudi. Nilimpa mkono wa amani kila Jumapili. Mkono wa amani ni mkono wa amani, madai ni jambo lingine.

Barua ilikuja mwezi wa nne. Madai yamekubaliwa, ulemavu wake umeandikwa, na atalipwa. Kiasi gani, hilo ni la mwanangu na mke wake. Nitasema tu kwamba gongo halikai tena nyuma ya mlango.

Siku mbili baada ya barua aliniomba nimsindikize stesheni. Hakutaka bajaji. Tulitembea kutoka Mtendeni, tukipumzika kila kivuli, ikachukua asubuhi nzima. Lori lilikuwepo. Jilala alituona kwa mbali, lakini hakusimamisha kazi. Aliita wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Leodgar wa Josepha."

Mstari ukasimama. Eliya akafungua mdomo kujibu, kisha akaufunga.

Mwanangu alipita katikati yao kwa mwendo wake mpya, ule wa kuinuka na kushuka, hadi chini ya ubao. Alilaza gongo lake chini, akasimama kwa mguu mmoja na nusu, akaweka kiganja juu ya mbao nyeupe.

"Nimefika," akasema. "Nimetua."

Jilala akainamisha kichwa. Halafu akamwita Eliya, sasa akiwa wa nne.